Nyimbo za Shangazi na Kaseti ya Ijumaa

Shangazi yangu aliimba kwenye harusi tangu sijazaliwa. Alipoanza kusahau majina ya wajukuu zake, aliniita kwake Bondeni akaniambia, "Ziandike nyimbo zangu mwanangu, kabla hazijan'toka zote." Basi kila jioni nilimleta ofisini kwetu, akakaa kando ya kompyuta akiimba kwa sauti ya chini, nami nikichapa. Kwenye karatasi sikuzitoa, maana kila akija alibadilisha neno, nikawa nangoja amalize.

Nakala za akiba nilizifanya vile mwongozo ulivyotaka, tena kwa maringo. Ijumaa niliweka kaseti ya kunakili kila kitu kilichomo kwenye kompyuta, siku nyingine kaseti ya yaliyobadilika tu, ambayo kila wiki niliiandikia upya. Ile ya Ijumaa ilikuwa na kazi ndefu, kwa hiyo niliianzisha kabla ya kwenda msikitini.

Siku diski ya kompyuta ilipokufa sikushtuka. Kaseti si ninazo? Majina ya nyimbo yote yakajitokeza kwenye skrini, moyo ukatulia. Nikafungua wimbo wa kwanza: faili halipo. Wa pili, halipo. Nikasafisha mashine kwa spiriti, nikaanza upya, nikatukana, nikaomba Mungu. Yale majina yalitoka kwenye kaseti ya juzi, na kila moja lilinirudisha kwenye ile ya Ijumaa, ulikopaswa kuwa wimbo wenyewe, nayo ilikuwa imekatikia njiani. Nikajaribu za Ijumaa zilizotangulia. Zote vivyo hivyo.

Niliteremka kwa mwenye nyumba, bibi aliyekaa chini ya ofisi, nikamuuliza kama umeme hukatika Ijumaa.

"Haukatiki, mwanangu. Mimi ndiye huuzima. Wanaume nyote mko msikitini, na nyumba yenyewe kongwe. Moto ukizuka n'nani wa kuuzima? Mkikaribia kurudi huuwasha."

Ndiyo maana kila Ijumaa tuliporudi tuliikuta kompyuta imejiwasha upya, imetulia kana kwamba imemaliza. Nilitamani kupiga mayowe. Lakini ningemgombeza kwa lipi, naye alikuwa akitulinda? Nikamwambia ahsante, nikapanda ngazi nikalia.

Ulisalia wimbo mmoja tu, ule alioubadilisha wiki ile, ukanaswa kwenye kaseti ya juzi. Niliutoa kwenye karatasi nikampelekea shangazi, nikamsomea polepole, nikingoja adakie kubadilisha neno kama kawaida yake. Hakudakia. Alisikiliza mpaka mwisho, ametabasamu.

"Mzuri," akasema. "Ni wa nani?"