Mkono Uliopunga Katika Wodi ya Wanawake

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kupata kitu ambacho mkono wangu ulikuwa umekilalia.

Hiyo ilikuwa Muhuru Bay, katika kituo cha afya chenye vyumba vinne na tangi la maji linalovuja. Nilikuwa afisa wa kliniki mpya, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Afisa Msimamizi, Mkuria wa Ntimaru, mtu wa maneno machache na viatu vya mpira, aliniita kando ya kitanda cha uchunguzi. Fundi wa kuunda boti alikuwa amelala hapo, mikono myembamba, tumbo limejaa.

"Tafuta wengu," akaniambia.

Wengu ni ogani inayokaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima mwenye afya huwezi kuigusa. Nikaweka vidole chini ya mbavu kama kitabu kilivyonifundisha, nikamwambia fundi avute pumzi, nikangoja ukingo ushuke unigonge. Hakuna. Nikasogeza mkono kidogo. Hakuna.

"Wengu uko sawa, bosi."

Hakunicheka. Alinishika kifundo cha mkono akaushusha hadi chini ya kitovu, karibu na nyonga ya kulia, kisha akaupandisha polepole kuelekea kushoto. Ukingo ukanigusa hapo, mgumu, umekaa kama ukingo wa beseni lililofunikwa shuka.

"Umekuwa juu yake tangu ulipoanza," alisema. "Huku ziwani anza chini. Ukianzia juu, mkono wako unaukalia ugonjwa na mdomo unaapa haupo."

Fundi akaniangalia. "Daktari mpya, umekipata?"

"Nimekipata."

"Basi kitoe twende nyumbani."

Niwaeleze ninyi ambao hamjawahi kushika tumbo la mtu kwa malipo. Maji ya ziwa yana konokono, na konokono hao hubeba vijidudu vya kichocho cha matumbo. Vijidudu hupenya ngozi, hukua kuwa minyoo, na mayai ya minyoo husombwa na damu hadi kwenye ini, ambako huacha makovu. Damu inayotoka matumboni hukuta njia imeziba, hurudi nyuma, wengu hufura, na mishipa ya umio huvimba. Upande mwingine kuna homa ya ini ya aina ya B, kirusi kinachoweza kukaa na mtu miaka ishirini bila kumsumbua. Ini lenyewe haliumi kwa urahisi. Mtu huuza omena, wale dagaa wa ziwani, hucheza na wajukuu, huimba kanisani, na asubuhi moja anakunywa chai, anatapika, na kikombe kinajaa damu. Ndiyo maana watu wa huko hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani amemroga.

Kutoka Muhuru nilihamishiwa Kisegi, upande wa Suba Kusini. Huko nilianza kuona chale. Wagonjwa wa tumbo walikuwa wamekatwa na waganga wa kienyeji, mistari midogo myeusi iliyopangwa vizuri. Siku moja nilimpima mzee mmoja, nikaanza chini kama nilivyofundishwa, nikapata ukingo wa wengu na kuuchora kwa kalamu. Kalamu yangu ilipita juu ya chale zake moja baada ya nyingine, bila kukosa hata moja. Mganga huyo, popote alipokuwa, hakuhitaji mtu wa kumshika mkono.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, mtu mzima mwenye mvi tatu akiketi na vijana, nikarudi na shahada na kipakatalishi. Nikapelekwa katika hospitali moja ya kaunti ndogo upande wa Homa Bay, ambayo sitaitaja. Daktari Msimamizi alinifanya mratibu wa mafunzo endelevu, kikao tulichokiita CME. Kila Jumatano asubuhi wahudumu walikusanyika ukumbini, wakanywa chai na mandazi, wakasikiliza mada, wakasaini daftari. Saini zilikuwa alama, na bila alama huhuishi leseni ya kufanya kazi. Watu wakawa wanasainiana. Mwenzetu mmoja wa maabara alifariki, tukamzika, na saini yake ikaendelea kuhudhuria vikao vitatu. Sikuwahi kujua nani alikuwa akimwandikia. Mwandiko ulikuwa wake kabisa.

Jumatano ninayotaka kuwasimulia, mtoa mada nilikuwa mimi. Mada: kutambua na kutibu magonjwa ya ini. Nilikuwa na picha hamsini zenye maandishi za kuonyesha ukutani, na nilizisoma neno kwa neno, maana watu waliokuwa mbele yangu, kwa mawazo yangu, hawakujua kusoma. Nilipofika kwenye ini lililochoka, nilieleza kwamba likishindwa kuchuja sumu inayotoka matumboni, sumu hiyo hupanda kwenye ubongo. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau siku, huzungumza na asiyeonekana. Kisha nikasema:

"Nyosheni mikono mbele, viganja vikiangalia mbele, kama mnasimamisha gari."

Ukumbi mzima ukanyosha mikono.

"Mgonjwa wa ini hawezi kuishikilia hivyo. Viganja vitaanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kama vinapunga. Ukiona hivyo, usimpe dawa ya usingizi. Ubongo wake tayari uko kwenye ukingo. Utamsukuma."

"Daktari, na sisi tushushe ama tuendelee kusimamisha gari?" akauliza Sista Msimamizi wa wodi ya wanawake. Watu wakacheka. Nikapigiwa makofi. Daktari Msimamizi akasema mada kama hiyo inafaa kurudiwa.

Saa tano nilipita kwenye wodi ya wanawake. Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alikuwepo Mama Risper, muuza omena wa Kisegi, mjane, mwenye homa ya ini ya B na maji tumboni. Nilimfahamu tangu nilipofanya kazi kwao. Aliinua mkono wa kulia. Kiganja kikaanguka na kuinuka, kikaanguka na kuinuka.

Nikampungia pia.

Nilimpungia kwa furaha, nikiwa bado nasikia makofi masikioni, nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Alhamisi akanipungia tena. Nikampungia tena. Kando yake alikuwa ameketi mke mwenzake, Min Achieng', na kwa Kiluo wake wenza huitana nyieka. Wote wawili walifiwa na mume mmoja, na tangu hapo walikuwa wakiuza omena kwenye meza moja.

"Daktari, sio wewe anasalimia," Min Achieng' aliniambia, akinivuta kando. "Angalia macho yake."

Nikaangalia. Mama Risper alikuwa akitazama mlango ulio nyuma yangu. Nilikuwa nimetokea mlangoni humo wakati huohuo, na hapakuwa na mtu.

"Ni mume wetu. Amesimama hapo tangu jana. Nimemwambia asiitike."

"Wewe unamwona?"

"Mimi nimwonee wapi? Alipokuwa hai hakupita kwangu kwanza. Amekufa ndio aanze tabia mpya?" Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Lakini amekuja kumchukua, daktari. Naye anaenda."

Nilimwambia ni uchovu. Nilikuwa na shahada.

Ijumaa wagonjwa wa vitanda vya jirani wakalalamika. Mama Risper alikuwa akikesha akiimba nyimbo za kanisa, na mchana huo alijaribu kushuka kitandani kumfuata mtu. Sista Msimamizi alikuwa mapumzikoni. Nikaandika sindano ya kutuliza, haraka, bila kusaini, ikadungwa saa nane, na saa tisa wodi ilikuwa shwari. Nakumbuka nilijipongeza.

Jumamosi asubuhi Sista Msimamizi alinipigia simu. "Daktari, kuja wodini. Kuja sasa."

Mama Risper hakuamka alipoitwa, wala alipofinywa. Pumzi zake zilikuwa na harufu tamu iliyooza, kama tunda lililosahaulika kabatini. Sista alikuwa ameshika faili.

"Jumatano umetusimamisha mikono ukumbi mzima," alisema taratibu, ili Min Achieng' asisikie. "Huyu mmoja ulimwona na hukumsimamisha?"

"Alinipungia," nikasema.

"Na wewe?"

Nikavaa glavu. Tukaanza kazi. Tulipitisha mpira puani tukampa laktulosi, sharubati inayofungua choo ili sumu itoke na uchafu. Tulipima sukari tukampa glukosi. Nilimchoma sindano tumboni kuvuta maji, yakatoka na ukungu, yaani yalikuwa na maambukizi, na huenda hayo ndiyo yaliyoanzisha yote. Tukaanza dawa ya mshipa ya kuua bakteria. Daktari Msimamizi alikuja, akasoma faili, akanitazama.

"Andika kilichotokea. Weka jina lako."

Nikaandika kwamba dawa ya kutuliza ilitolewa. Jina sikuweka. Nilijiambia nitaliweka akizinduka, kisha nikajiambia nitaliweka asipozinduka.

Adhuhuri simu ya Min Achieng' iliita. Alikuwa shemeji yao, akipiga kutoka Kisegi, na kwa kuwa kipaza sauti cha simu kiliharibika kikakwama kwenye sauti ya juu, sote tulisikia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyundo.

"Amelala bado?"

"Amelala."

"Sisi tumeanza. Kesho tutaweka mabati."

Min Achieng' alikata simu, akanieleza bila kunitazama. Nyumba ya Mama Risper ilianguka wakati wa mvua, na tangu hapo alikuwa akilala kwa nyieka wake. Kwa mila ya huko mwanamke hazikwi kutoka nyumba ya mwenzake. Lazima awe na yake mwenyewe, kwenye boma la mumewe, aingizwe humo aliliwe. Kwa hiyo wanaume walikuwa wanamjengea.

"Mwambie shemeji asimamishe ujenzi," nikasema. "Yuko hai."

"Daktari, unaniahidi?"

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na nyundo zile zikaendelea kichwani mwangu, Jumamosi yote na Jumapili yote, huku mwanamke aliyekuwa akijengewa akivuta pumzi mbele yangu. Kila baada ya saa sita Sista alimpa sharubati. Kila baada ya saa sita aliita jina lake kwa sauti ya mtu anayemgongea jirani.

Jumatatu asubuhi, kwenye wito wa kwanza, Mama Risper alifungua macho akamwambia Sista, "Kwani mimi ni kiziwi?"

Min Achieng' aliangua kilio, kisha akamkaripia kwa Kiluo dakika tano nzima. Baada ya wiki mbili tulimruhusu aende na vidonge vya kuzuia kirusi, dawa ya kupunguza maji na laktulosi yake. Ini halikupona. Ini lenye makovu kiasi hicho halirudi kuwa jipya, na yeyote anayewaambia vinginevyo anauza kitu. Lakini alikwenda kwa miguu yake.

Nimestaafu mapema, kwa hiari, na watu huniuliza nimejifunza nini. Ningewajibu kwamba maarifa na macho hulala vyumba tofauti, na kwamba mtu anaweza kufundisha jambo asubuhi na asilitambue kabla ya chakula cha mchana. Lakini hayo ni maneno ya hotuba, na deni langu halikuwa la hotuba. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikwenda Kisegi.

Nilimkuta Mama Risper uani akianika omena. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba alikuwa mgonjwa, nami nikadhani ananisalimia, na kwamba sindano iliyomzamisha niliiandika mimi, na jina langu halimo kwenye faili hadi leo.

Aliendelea kutandaza omena kwa viganja. Vilitulia.

"Nilisikia wakipigilia misumari," alisema. "Mmoja akasema mlango ni mfupi. Mwingine akamwambia hatatembea."

Nilianza kumweleza kwamba masikio ya mgonjwa hubaki macho, kwamba simu ya Min Achieng' ilikuwa na sauti kubwa. Lakini mimi nilikuwepo. Kwenye simu ile hakuna aliyetaja mlango.

"Njoo uone," akasema. "Kuna chai."

Nyumba ilikuwa nzuri, mabati mapya, kuta zimekandikwa vizuri. Mlango wake ulikuwa mpana sana, wanaume wanne wangepita wakiwa wamebeba, na ulikuwa mfupi, ukinifika kifuani. Miaka yote hiyo hakuna aliyeubadilisha.

Mama Risper aliinama akaingia. Kutoka ndani akaniambia niangalie kichwa. Nikainama zaidi ya ilivyohitajika, nikamfuata.