Kuchagua Fataki za Ziwani

Mume wangu alijifunza kuendesha kayaki baada ya kustaafu. Mdogo wake, anayeishi Kigoma, ndiye aliyemwambukiza. Mimi nilidhani angechoka nayo upesi, maana mkono wake wa kulia una vidole vitatu tu. Viwili vilikatwa na mashine ya kupasua mbao hapa Tabora, kabla hatujaoana, na vilivyobaki ni vigumu kukunjika. Lakini alilizungushia kasia mpira ili lisimteleze, akaendelea.

Aliponiambia kwamba yeye na mdogo wake wanataka kuivuka ghuba ya ziwa moja kwa moja, mbali na ufuko, sikubishana naye. Nilipanda naye treni. Kigoma tukaingia duka la vifaa vya boti, kununua fataki za kuombea msaada.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia mwenye duka.

"Marahaba. Karibuni."

Alituwekea mezani maganda matupu ya fataki, ya kujaribia. Mume wangu akaichukua roketi, ile inayopanda juu na kushuka taratibu na mwanga mwekundu.

"Nataka hii."

"Naomba beseni la maji na sabuni," nikamwambia mzee.

Mume wangu akanigeukia. "Unataka kuniogesha dukani?"

"Huko ziwani mikono itakuwa imelowa."

Akachovya mikono, akaishika kamba nyembamba ya roketi, akavuta. Ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza. Akaiweka mezani, akajifuta kwenye suruali. Mzee akajifanya anapanga makopo rafuni. Nilitamani nisingeliomba lile beseni.

Ndipo nikaona fataki ya kushika mkononi yenye pete pana. "Jaribu hii, kwa kidole gumba."

Pete ikachomoka. Akairudishia, akavuta tena huku amefumba macho. Ikachomoka. Kopo la moshi wa rangi ya chungwa lilikuwa na pete kama hiyo, na mzee akatueleza kwamba mchana moshi huonekana vizuri kuliko moto.

"Roketi abebe mdogo wako," nikasema.

"Na mimi nibebe moshi, kama mrina asali?"

"Warina asali wanarudi nyumbani."

Akacheka, na bega lake likaligusa langu. Mzee akamfundisha kuunyoosha mkono nje ya kayaki, upande unakoelekea upepo, na kutoutazama moto.

Nilirudi Tabora, kwa kuwa wajukuu walikuwa wakinisubiri. Siku ya safari yao nilikuwa nakaanga karanga mume wangu alipopiga simu. Upepo ulikuwa umebadilika, ukawasukuma kuelekea katikati ya ziwa. Mdogo wake alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Mume wangu akawasha moshi, wavuvi wakauona, wakawavuta hadi nchi kavu.

"Nimevuta mara moja tu," akasema. "Mara moja!"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwanza, kwamba kayaki sasa basi. Na kwamba nampenda, jambo ambalo sisi wawili hatuna mazoea ya kulisema kwenye simu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Ndiyo nakula. Ugali na samaki, mgebuka."

"Kula basi. Usikate simu."

Nikaepua karanga, nikakaa kibarazani, simu sikioni, nikimsikiliza anavyotafuna.