Makaburi Yasiyo na Mawe

Usiku ule nililala na kofia ngumu ya watafiti kichwani. Chekeni kabisa mmalize, maana huko mbele naonekana boya zaidi.

Watafiti walikuja kijijini kwetu kupima upepo. Walisimamisha mlingoti mrefu mlimani, juu yake kuna vikombe vinazunguka, wajue kama upepo wetu unatosha kuzalisha umeme. Ukatosha. Mimi ndiye nilikuwa nawatembeza. Kiongozi wao, Injinia Neema, akaniambia, "Dogo, nionyeshe makaburi yote. Palipo na kaburi hatuchimbi, ndiyo sheria."

Nikamwonyesha yote yenye mawe. Nikamwambia, "Dada, waliobaki wote wako hai, ingawa baba mdogo ukimwona anavyolima utaingia shaka."

Akacheka. Akachora duara la chokaa pa kuchimba shimo la kwanza. Mtambo wa kuchimba ungepanda asubuhi.

Basi nikalala.

Nikajiona nipo mlimani, mchana, alizeti zote zimeinamisha vichwa. Upepo hakuna. Hata jani halitikisiki. Lakini vile vikombe vinazunguka, taratibu, bila sauti. Nikatania kama kawaida yangu, "Nani anapuliza huko?"

Halafu mlingoti si mlingoti tena, ni nguzo ya katikati ya nyumba ya bibi, ile iliyobomoka. Na bibi yupo. Mama yake baba, mkunga wa kijiji, ambaye udongo wa kaburi nilimtupia kwa mikono hii. Amekaa sakafuni, kanyoosha miguu. Mapajani ana kanga imekunjwa, na ile kanga inapumua.

"Shikamoo bibi."

Haitikii. Ananiuliza, "Wenye mawe umewaonyesha?"

"Wote, bibi."

"Na wangu?"

Natazama chini. Sakafu nzima imejaa vikanga vidogo vidogo, vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka. Sina pa kuweka mguu. Lile duara la chokaa limepita katikati yao. Nje nasikia mtambo unakuja, unakwaruza mawe. Bibi anavua kanga ya kichwani, anafunika. Anavua ya begani, anafunika. Hazitoshi. Natafuta utani wa kusema, nakuta mdomo umejaa chokaa.

"Wewe una mdomo," bibi anasema. "Hawa hawana hata jina la kuitwa. Wasemee."

Nikaamka mkanda wa kofia umenikaba shingo. Kumekucha, na mtambo unanguruma kweli.

Nikakimbia na bukta yangu na kofia yangu mpaka mlimani, nikajilaza katikati ya duara. Dereva akapiga honi. "Toka hapo, we chizi!" Watu wakajaa. Wengine wakaanza kucheka kabla sijasema kitu, si wananijua.

Injinia Neema akachuchumaa. "Dogo, leo utani hapana."

Nikamsimulia yote. Sikuchekesha hata neno moja, nadhani ndiyo maana alinisikiliza. Akasema, "Ndoto siwezi kuipeleka ofisini. Nitafutie mtu anayejua."

Mama yangu akatoka kwenye lile kundi. Hajawahi kusimama mbele ya watu, hata mkutano wa kijiji hukaa nyuma. Akasema, "Mtoto akifa kabla ya kupewa jina, huku kwetu anazikwa na wazee wa kike peke yao. Bila tuta, bila jiwe. Wanaume hawaambiwi. Huyu angejuaje?" Akaonyesha kwa mkono, kutoka kwenye duara mpaka kwenye ule mteremko. "Ni hapa pote."

Injinia akamwambia dereva, "Zima."

Wazee wa kike wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Mama akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Kaka yako aliyekutangulia yupo pale," akaninong'oneza. "Hebu niambie, mwanangu. Alikuwa amefunikwa?"