Ziwa Lilipopinduka Bumbire

Nilipoanza kazi katika ofisi ya uvuvi Bukoba, miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa, nilidhani nitapewa taipureta. Bwana Samaki wa Mkoa, mtu wa Mtwara mwenye sauti ya chini, alinikabidhi sanduku la chupa. Alinifundisha kupima oksijeni, hewa ambayo samaki huivuta majini. Unachota maji, unatia dawa mbili. Utando unaotokea ukiwa wa kahawia, oksijeni ipo. Ukibaki mweupe, haipo. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia.

Kiangazi kimoja tufani ilivuma kutoka kusini mpaka boti zikasimama. Ilipotulia, tulipata habari kutoka kisiwa cha Bumbire. Furu na sato walikuwa wameelea ghubani wamekufa, na kijiji kilikuwa kimemshika mkulima mmoja, Laurenti, kwa madai kwamba amemwaga utupa, mmea wenye sumu ya kuvulia samaki.

Tulimkuta amekaa chini mbele ya ofisi ya kijiji, mkewe ubavuni. Utupa alikuwa nao kweli, kando ya migomba yake, wa kufukuzia fuko. Kamati ilikwisha kuamua ahame kisiwani na watoto wake. Mwenyekiti alitueleza kwamba hana chuki naye, ila kijiji kizima kinaishi kwa samaki.

Bwana Samaki hakubishana. Aliwaomba wajumbe wapande boti pamoja nasi. Nilichota maji ya ghubani, nikachota pia ya kilindini, mbali na shamba la mtu yeyote. Nikatia dawa. Chupa zote mbili zilibaki nyeupe.

“Upepo umeyapandisha maji ya chini, nayo hayana hewa,” alisema Bwana Samaki. “Samaki wamekosa pumzi.”

Akawasimulia kwamba kimbunga huivuruga bahari ya kwao vivyo hivyo. Mafuriko ya mito huua matumbawe, lakini mawimbi huinua rutuba iliyolala chini, mimea midogo ikaota na samaki wakapata chakula. Ni kama shamba lililolimwa, aliwaambia, na wakulima wale wakaelewa.

Tuliporudi ufukweni mwenyekiti alimwinua Laurenti kwa mkono wake mwenyewe. “Waitu, mwenzetu, utatusamehe. Lakini ule utupa utaung'oa?”

“Nitaung'oa. Fuko wakimaliza migomba yangu, mtanilisha nyinyi.”

Hata mkewe alicheka. Msimu uliofuata dagaa walijaa, na Laurenti alizeekea Bumbire.

Nilihamishiwa Muleba, nikahudumu chini ya mabwana samaki kadhaa, wengine wakali, wengine wapole, lakini hakuna aliyenifunza kama yule wa kwanza. Sangara, samaki wala samaki, waliingia ziwani, furu wengi wakatoweka, nami nikastaafu. Sasa naishi Rwamishenye. Redio ikitangaza kimbunga huko pwani, wajukuu huniuliza kama mapaa ya nyumba yatang'oka. Mimi huwaza siku zitakazofuata, maji yakishatulia na samaki wakielea, watu watamshika nani.