Ndevu za Gundi kwenye Kidevu cha Casimir

Casimir Kangwa ni seremala wa milango na majeneza katika Kenya, mojawapo ya komini, yaani wilaya, za mji wa Lubumbashi, Kongo. Ana miaka hamsini na miwili, ni mrefu, hasemi sana, na nguo zake zote zina vumbi la mbao, hata zile za kanisani.

Udi, ala ya muziki ya Kiarabu, ulimfikia kwa njia ya kazi. Miaka kumi na moja iliyopita, Mlebanoni mmoja mwenye duka la vitambaa mjini alimletea chombo cha nyuzi, chenye tumbo la mviringo na shingo fupi iliyovunjika. Casimir alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Alichonga shingo mpya kwa mti wa mulombwa, akaibandika, akaisugua kwa siku nne. Mlebanoni aliporudi, alikaza nyuzi na kupiga kidogo palepale kwenye karakana. Casimir aliweka randa chini asikilize. Kabla ya kuuchukua udi wake, yule bwana aliitwa ghafla Beirut kwa ugonjwa wa baba yake, na hakurudi tena. Alipiga simu mara moja tu. "Ubaki nao," alisema. "Lakini usiuache ukae kimya."

Basi Casimir akajifunza peke yake, akisikiliza wapigaji wa Kairo na Beirut kwenye simu, siku baada ya siku, mpaka mkewe Martine akawa anazitambua zile nyimbo akiwa jikoni. Alichokipenda zaidi ni sauti ambazo gitaa haina. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti, kidole husimama popote kinapotaka, na katikati ya sauti mbili mna nyingine iliyojificha. Sauti hiyo ndiyo aliyoitafuta kwa miaka mitatu.

Dan, mpiga saksofoni wa fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia, alikuja siku moja kuagiza kitanda akaisikia. Dan alikuwa mtu wa jazi tangu utotoni. Alirudi Jumapili iliyofuata na saksofoni yake, akaikunja sauti kwa midomo hadi ikakutana na ya udi. Tangu hapo walipiga kila Jumapili baada ya misa, miaka sita mfululizo. Casimir alizunguka kwenye njia za Kiarabu za kupanga sauti, Dan akaleta mwendo wa jazi, na walipokutana katikati hakuna aliyeweza kusema wimbo ule ni wa nani.

Mwaka jana Madame Exaucée, mwanamke anayeandaa sherehe za makampuni, aliwaalika wapige kwenye bustani ya hoteli, mbele ya wanunuzi wa shaba kutoka nchi za Kiarabu. Casimir alifurahi. Alifikiri watu wale wataujua udi kuliko yeye, na watamwambia alipokosea.

Walipofika, Madame Exaucée alimpa kanzu, kilemba, na ndevu ndefu nyeusi za kubandika.

"Papa Casimir, leo weye ni Sheikh," alisema. "Bageni batafurahi sana."

"Miye niko fundi ya mbao, mama. Niko Mukatoliki."

"Iko spectacle, mchezo tu, papa. Vaa."

Casimir alimtazama Dan. Dan alikuwa anafuta saksofoni yake. "Yaya, vaa tu," alisema, akimwita kaka kama kawaida yake. "Iko dakika makumi mbili."

Akavaa. Kanzu ilinuka jasho la mtu mwingine na marashi juu yake. Gundi ya ndevu ilikuwa ya viatu. Anaijua gundi ile, huwa anaitumia kubandika ngozi za viti. Ilimwingia puani na mdomoni, na mate yake yakawa machungu.

Walipanda jukwaani, fundi wa mitambo akamletea waya, akauchomeka kwenye udi. Casimir akaanza. Sauti ikatoka kwenye masanduku makubwa ya spika pande zote mbili, na papo hapo akajua kuna kitu kibaya. Wimbo ulikuwa wake. Hata kile kisimamo chake kifupi kabla ya kugeuka kilikuwemo. Lakini kila ilipofika ile sauti ya katikati, ilipandishwa au kushushwa, ikawekwa sawa kama ya piano. Alibadilisha kidole kwa makusudi. Wimbo haukubadilika. Akaangalia chini: ncha ya pili ya waya ilikuwa imelala kwenye majani, haijachomekwa popote.

Aliweka kiganja juu ya nyuzi, akaacha kupiga. Muziki ukaendelea. Dan naye akaendelea, macho amefumba. Mbele yao watu walikuwa wanatafuna mbavu za mbuzi, mafuta yakiwatiririka mpaka kwenye mikono ya mashati, na wengine wakainua simu zenye alama za vidole vya mafuta wampige picha Sheikh asiyepiga. Wakashangilia.

Aling'oa ndevu, ngozi ya kidevu ikatoka nazo. Akaziacha kwenye kiti, akashuka na udi wake.

Karibu na lango mzee mmoja wa wale wageni alimfuata, akamwuliza kwa Kifaransa cha taratibu ni njia gani ile aliyoipiga, maana aliijua lakini ilimponyoka.

"Si njia," Casimir alimjibu. "Ni mashine."

Mzee aliutazama udi mikononi mwake, akaelewa. Aliweka mkono kifuani, akarudi kwa wenzake.

Nyumbani, Martine alimsugua kidevu kwa mafuta ya mawese hadi gundi ikatoka. Harufu haikutoka. Kwa wiki nyingi Casimir alipoushika udi tu, ile harufu ilirudi, akauweka chini. Video ya Sheikh, iliyopigwa na wageni kwa simu, ilikuwa imeshaenea. Wateja walimwita Sheikh, wakicheka, na yeye akawa anapiga misumari bila kuinua kichwa.

Dan alikuja baada ya mwezi. Alisimama mlangoni.

"Yaya, bantu balipenda."

"Njo kile kinanitapisha," Casimir alisema. "Ulijua?"

"Nilijua. Bantu ba Madame balisema manoti yako iko faux, ya makosa, bageni batazani unakosa. Balitaka kuyarudisha kama ya piano."

"Na weye, ulibajibu nini?"

Dan akasema, "Nilibapa enregistrement, sauti tulirekodi ile Jumapili ya Pasaka."

Ilikuwa ndiyo Jumapili waliyopiga vizuri kuliko zote. Casimir hakumpigia kelele. Alimwomba kitu kimoja: aende kwa Madame Exaucée, ule wimbo ufutwe. Dan alisema atajaribu. Hakwenda. Sasa anaupiga kwenye harusi, yeye na saksofoni yake, juu ya ile sauti ya udi iliyonyooshwa na mashine.

Miezi minne baadaye Abigaïl, mwalimu wa hesabu anayepiga gitaa ya besi kanisani kwao, alileta gitaa yake yenye kichwa kilichopasuka. Aliuona udi ukutani, akaomba kuusikia. Casimir alisita, kisha akapiga kidogo tu, uso ameukunja. Abigaïl aliitafuta ile sauti ya katikati kwenye besi yake, hakuipata.

"Hii byuma njo binaikataza," alisema. "Papa, utoe yote."

"Nikitoa, haitarudia tena kama mbele."

"Toa."

Casimir alivitoa vile vyuma vya shingo kimoja kimoja kwa koleo, akaziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi nyeupe isiyo na harufu. Sasa wanapiga kila Alhamisi alasiri. Abigaïl bado hukosea mara nyingi. Casimir huacha kupiga, humsubiri aitafute.

Jumamosi moja alipita kando ya ukumbi wenye harusi, akasikia wimbo wake wa Pasaka, umenyooshwa kote. Alivuka barabara, akatema mate kwenye mtaro, akaenda kununua misumari.