Ziara ya Visiwa, Isipokuwa Kijiji Kimoja

Baba yangu alikuwa na ofisi ndogo ya uwakala wa safari kusini-magharibi mwa Houston, si mbali na Gulfton, katikati ya saluni ya kusuka nywele na duka la Wameksiko waliouza mikate ya mahindi. Wateja wake walikuwa Waislamu waendao Umra na Watanzania watafutao tiketi za kurudi nyumbani Desemba. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote, na isiyomletea faida, ilikuwa kupanga ziara ya visiwa vya Ngazija, nchi aliyozaliwa. Aliiacha akiwa kijana akaenda Dar es Salaam, akamwoa mama yangu huko, kisha wakahamia Texas, ambako mama tulimzika.

Mwaka 2017 nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi ya ofisini Irving, karibu na uwanja wa ndege. Kila nilipotoka kazini Baba alinipigia simu kutoka Sugar Land, alikoishi peke yake, na kunisomea imla ya maelezo ya ziara. Mimi ndiye niliyeyaandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili ayachapishe kwenye karatasi ya kuwagawia wateja.

Alinisimulia msikiti wa kale wa Ijumaa ulioko bandarini Moroni, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambao ukiutazama kutoka majini unaonekana kama umepanda kutoka humo. Alinisimulia Karthala, mlima wa moto, na jinsi mtu anavyopita kwanza katika msitu wenye ukungu, kisha miti inakwisha ghafla, kisha shimo lile kubwa linajifungua miguuni. Alinisimulia jabali la Ikoni, ambako wanawake walijitupa baharini wasichukuliwe na watekaji watumwa, na hapo alinikataza kuweka neno lolote la mapambo. "Andika walijitupa," alisema. "Inatosha."

Kulikuwa na kisiwa cha Mwali, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga, na kile cha Nzuwani chenye vichochoro vya mji wa kale ambamo watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuze bega. Kulikuwa na zawiya ambamo wafuasi wa tarika husoma dhikri kando ya kaburi la shehe wao. Na kaskazini mwa Ngazija yenyewe, kisiwa kikubwa, kulikuwa na ziwa la chumvi. Watu wa huko husimulia kwamba palikuwa na kijiji ambacho wakazi wake walimnyima maji mgeni mchamungu, ardhi ikawameza. Niliipenda hadithi hiyo. Nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba dunia ina hesabu ya haki, na kwamba kazi ya msomi ni kuisaidia ifungwe mapema.

Nilipochora ramani ya ziara ndipo nilipoona kwamba barabara iendayo ziwani inapita katika kijiji ambacho Baba hakunipa neno hata moja juu yake. Nilikijua jina lake. Ndiko alikozaliwa, na ndiko dada yake wa pekee, shangazi yangu, alikokuwa akiishi katika nyumba ya mama yao. Nilimwuliza kama nikiweke. Alisema hakuna cha kutazama pale, na akaendelea na kasa.

Kundi la kwanza lilikwenda mwaka 2018, nalo lilikuwa la Watanzania wa Irving na Dallas, Wakristo na Waislamu, likiongozwa na Baba mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Ngazija tangu alipoondoka. Mimi sikupata ruhusa kazini. Waliporudi, muuguzi mmoja, mtu wa Iringa aliyekuwa jirani yangu, aliniita kwake kunipa vanila na chupa ya mafuta ya mlangilangi. Alikuwa mcheshi, na alinieleza kwamba Baba ni mwalimu aliyekosa darasa, kwa sababu hata choo cha uwanja wa ndege alikitafutia historia. Kisha akaanza kuifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mdogo wangu, nikuulize. Baba yako ana ugomvi na mtu kule?"

Nilisema sijui.

Alinieleza kwamba siku ya kwenda ziwani, basi lilipokaribia kijiji fulani, Baba alisimama na kuwataka wote watazame upande wa bahari. Akaanza kusomesha juu ya mawe ya volkano yalivyoganda yalipokutana na maji. Alisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Sasa mimi nina ubishi wa kuzaliwa," alisema. "Nikatazama upande wa pili. Kulikuwa na bibi mmoja amesimama barazani, amejitanda shiromani, ile nguo yao ya heshima, mpya kabisa, anayatazama magari. Alipoona basi letu akashuka ngazi. Dereva akapunguza mwendo, akamwangalia baba yako kwenye kioo. Baba yako akamwambia, twende."

Jumamosi iliyofuata niliendesha gari hadi Sugar Land. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri njia nzima, nikiwa na hasira ya mtu ambaye hajawahi kukosea mahali pakubwa. Baba alikuwa jikoni akipika mataba, kisamvu cha nazi kama cha kwao, na hakugeuka nilipomwambia nilichosikia. Aliuliza tu kama bibi huyo alikuwa amenenepa au amekonda. Nilisema sikuuliza.

Alizima jiko, akakaa, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Katika kijiji chao, mwanamume huhesabiwa mtu mzima siku anapotimiza ada, ndoa kuu, ile ya kuvisha na kulisha mji mzima. Asiyeitimiza hubaki kijana hata akiwa na wajukuu. Uwanjani, mahali wanaume wanapokaa kuzungumza, ana benchi lake pamoja na wavulana. Msikitini hasogei mstari wa mbele. Nyama ikigawiwa, ya kwake hutoka mwisho. Yeye alifunga ndoa Dar es Salaam, kwa chai na maandazi, na mwanamke ambaye kijiji hakikumjua. Rika lake lote lilitimiza ada, mmoja baada ya mwingine. Kila mwaka uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi, kwa sababu kijana mwenye mvi ni kichekesho.

Nilimjibu kama nilivyofundishwa chuoni. Nilisema hiyo ni desturi inayowapima watu kwa karamu, na mtu huru hana wajibu wa kuitii.

"Unasema kweli, mwanangu," alisema. "Lakini unasema kama mtu aliyezaliwa mahali ambapo hakuna anayekuangalia."

Kosa lake, ambalo hata mimi nililiona, ni kudhani angepita kisiwani kama mtalii. Dereva aliyemkodi mjini Moroni alikuwa wa kijiji jirani, na kabla mizigo haijafungwa juu ya basi habari ilikuwa imefika: mtoto wa fulani amekuja, ameleta Wamarekani. Shangazi alipika siku tatu mfululizo. Hayo aliyasema mwenyewe kwenye simu jioni ile, nilipompigia kupitia simu ya binti yake na kuiweka mezani mbele ya Baba. Alizungumza Kingazija, ambacho kwa mwenye Kiswahili ni kama kusikiliza mazungumzo ya chumba cha pili, maneno mengine yanafika na mengine yanabaki ukutani. Mahali niliposhindwa Baba alinifasiria, macho yake yakiwa chini.

Shangazi hakulia wala hakulaumu. Alimtania Baba. Alisema amesikia kwamba mdogo wake amesafiri kutoka Marekani kuja kutazama ziwa la chumvi, na yeye chumvi anayo jikoni, angemwonyesha bure. Baba alicheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake, la mtoto aliyefumaniwa. Halafu sauti ya shangazi ikashuka, na maneno yaliyofuata niliyaelewa bila kufasiriwa.

"Njoo hivyo hivyo ulivyo. Mtu mzima sina haja naye. Nataka ndugu yangu."

Nilidhani jambo limekwisha. Nilimwambia Baba tununue tiketi usiku ule ule, kwani wakala wa safari alikuwa mwenyewe. Lakini desturi ikishamkaa mtu haiondoki kwa sababu amesamehewa. Alikubali kwenda, akakataa kwenda mikono mitupu. Alisema ikiwa ataingia kijijini baada ya maisha mazima, basi aingie na nguo kwa kila nyumba ya mtaa wao, na joho kwa wazee, na kitu cha kumtengenezea dada yake paa. Hata kama asingeketi benchi la watu wazima, angalau asionekane amekuja kuomba pa kukaa. Mwaka 2019 wote aliutumia kununua. Chumba changu cha zamani kule Sugar Land kilijaa mabunda ya kanga na vitambaa vilivyokunjwa. Alinipigia simu kunieleza rangi. Kila mara nilipouliza lini, palikuwa na nyumba moja zaidi aliyoikumbuka, mjane fulani, watoto wa rafiki fulani, na alisema kuiruka nyumba moja ni kuitukana.

Shangazi alimcheka. Alituma ujumbe wa sauti akimwuliza kama anahamisha Texas nzima. Katika ujumbe mwingine alisema anachoka haraka siku hizi, na ngazi za baraza zimekuwa ndefu. Baba aliusikiliza huo mara nyingi, akaniambia ni mafua tu ya kipupwe.

Tiketi zetu zilikuwa za baada ya Ramadhani, mwaka 2020. Machi ilipofika, ndege zikaanza kuondolewa angani, nchi moja baada ya nyingine, na Ngazija nayo ikafunga milango yake. Baba alikaa ofisini akijibu simu za watu waliotaka kurudishiwa fedha za Umra yao. Aliwaambia wote wasubiri kidogo. Saluni ya jirani ilifungwa, na duka la mikate likauzia dirishani.

Binti wa shangazi alinipigia mimi, siyo Baba. Alisema moyo ulisimama mchana, mama yake akiwa amekaa, na kwamba watamzika alasiri kama ilivyo desturi. Nilipouliza kama amemwambia Baba, alisema hakuweza.

Barabara kuu ya kutoka Dallas kwenda Houston ilikuwa tupu kwa namna ya kutisha. Nilijaribu njiani kuandaa maneno, kwa kuwa nimezoea kuandaa maneno, na hakuna hata moja lililosimama. Baba alifungua mlango akiwa amevaa barakoa, akanitazama usoni, akaivua. Hakuniuliza nimefuata nini.

Wanajumuiya hawakuruhusiwa kuja kukaa matanga. Walileta chakula, wakakiweka nje ya mlango, wakarudi nyuma hadi kwenye magari yao na kusema pole kutoka huko. Jirani yangu wa Irving alituma ujumbe kwamba anamwombea kwa imani yake, na Baba akasema mjibu amina. Tulisoma hitima wawili tu, juu ya zulia la sebuleni, yeye akisoma kwa moyo na mimi kutoka kwenye juzuu, na sauti zetu zilikuwa ndogo mno kwa kazi ile.

Siku ya pili mpwa wake, mtoto wa kiume wa shangazi, alipiga simu ya video kutoka uwanjani kijijini, wanaume walipokutana kumwombea marehemu. Baba aliomba amwonyeshe wazee. Simu ikapita polepole juu ya mabenchi. Nilimwona akisogea karibu na kioo, akitafuta, akitaja majina kwa sauti ya chini, na kwa kila jina mpwa wake akajibu neno lile lile. Benchi la watu wazima lilikuwa na wanaume aliowazidi umri, watoto wa rika lake, na mmoja wao alisimama kwa heshima na kumwita baba mkubwa. Wakamwomba aombe dua, kwa kuwa ndiye ndugu wa marehemu. Aliomba. Walipoitikia amina, sauti ilichelewa kufika, na midomo yao ilikuwa imekwisha kufungwa.

Simu ilipokatika aliilaza mezani, kioo chini.

"Wale niliokuwa nikiwaonea haya wamekufa wote," alisema. "Hata sijui tangu lini."

Nilikuwa na elimu ya kumweleza mengi juu ya aibu na jamii. Nilimshika mkono. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na kanga za nyumba zote za mtaa zilikuwa mle, bado kwenye mifuko yake. Aliniomba nimpigie tena mpwa wake, kwa sababu alikuwa amesahau kuuliza marehemu alizikwa upande gani, wa mlimani au wa baharini. Alipopokea, Baba alinisukumia simu. Niliuliza mimi, kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kingazija, na nikalazimika kumwomba arudie.