Pil-rye na Mtoto Asiye na Kaburi

Pil-rye ninauza naye supu ya nguruwe na wali sokoni Daegu, Korea. Polisi walipompigia simu kwamba binti yake yu hai, ametoka Denmark kumtafuta, aliwaita matapeli akakata.

"Binti yangu alikufa," akaniambia, kisu hakijasimama kwenye vitunguu.

Kijijini kwao mtoto wa kike akizaliwa, mlangoni hufungwa kamba ya mabua ya mpunga yenye vipande vya mkaa, wageni wasiingie. Pil-rye alipozinduka kwenye homa ya uzazi alikuta kamba imeondolewa. Mama mkwe akamwambia mtoto amekwisha, mumeo Chun-bae ameshamzika mlimani. Kwetu kichanga hakiwekewi matanga wala kaburi, na mama haulizi kilipolazwa. Hakuuliza.

Polisi hawakuchoka kupiga. Jumapili wakaja dukani watu wazima watatu, Wakorea wenzetu waliopelekwa Ulaya wachanga wakalelewa na Wazungu: Mette wa Denmark, paji la uso la Pil-rye kabisa, Solveig wa Norwe, na Ruben wa Uholanzi, aliyerudi kuishi hapa, ndiye akawa mkalimani.

"Mama, aliyefanya hivi msamehe," Ruben alisema. "Mimi nilipata wazazi wazuri, namshukuru aliyenitoa."

Solveig akagonga meza. "Shukuru peke yako! Mimi nilichekwa macho shule nzima. Tuliuzwa kama vifaranga, na huyu mpumbavu anashukuru!" Maskini Ruben, hata tusi lake mwenyewe alilitafsiri.

"Kuleni kwanza," nikawaambia, "mtauana mkishashiba."

Mette hakugusa kijiko. "Uliwahi kunitafuta?"

"Nani humtafuta maiti, mwanangu?"

"Mimi niliambiwa mama yangu ndiye aliyenipeleka kituo cha watoto."

"Na mama wote husema hawakujua," Solveig akadakia.

Nilimwona Mette akivuta mkoba wake. Pil-rye naye alimwona. Akachukua simu, akampigia mumewe Chun-bae, akaweka sauti kubwa.

"Baba Gyu-tae, yule msichana ulimzika wapi?"

Tukasikia televisheni ikipunguzwa sauti.

"Leo umepatwa na nini, wewe?"

"Ulimzika wapi?"

"Mama ndiye aliyesema... Wa pili naye msichana! Nikampeleka kituoni mjini. Nilijua utazaa wengine."

"Kila mwaka nimempikia marehemu mama yako chakula cha kumbukumbu. Ukanitazama nikimsujudia."

"Mambo ya kale hayo. Unarudi saa ngapi? Sijala."

Pil-rye akakata simu. Ruben, aliyekuwa akihubiri msamaha, akaanza kukusanya bakuli badala ya kutafsiri. Ilibidi Solveig amsukume bega ndipo aseme. Mette akauweka mkoba chini.

Tangu siku ile Pil-rye analala kwangu. Chun-bae alikuja na matufaha; nilimrudisha nayo. Mette hupiga simu kutoka Denmark. Bado hajamwita "Mama". Humwita "Pil-rye", kama anamwita jirani, na Pil-rye huitika.